Opereta wa Jumapili Saa Kumi

Zulma Irigoyen hakuwa na kawaida ya kupiga hodi kwa Nelda Bentancor, na siku ile ya mvua pia hakupiga. Aliingia na mwavuli wake ukichuruzika juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, akatupa kitabu mezani, akavuta kiti.

"Shoga, umechorwa."

"Nimechorwa na nani?"

"Nipe kibuyu kwanza, meno yananigongana."

Nelda alimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai ya majani machungu, akampa, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kitabu. Kilikuwa kinene, jalada la kijivu. Juu yake alichorwa mtoto wa kike mwenye soksi zilizolegea, amesimama juu ya kreti ili aifikie simu ya ukutani. Chini liliandikwa jina: Leonor Leites.

"Leites," Nelda alisema polepole. "Binti yake Heber Leites? Yule dalali wa mnada wa ng'ombe?"

"Huyo huyo. Yuko Montevideo siku hizi. Anachora katuni za maisha yake mwenyewe, kitabu kizima, na watu wananunua kama mikate. Jumamosi anakuja kuzungumza maktaba. Wáshington amebandika matangazo mpaka mlangoni kwa muuza nyama."

"Maisha ya mtu wa hapa Paysandú? Nani anayataka hayo?"

"Mimi! Nimesoma hadi wali ukaungua. Fungua sitini na mbili uache maneno mengi."

Nelda alifungua ukurasa wa sitini na mbili. Mtoto yule yuko kwenye duka la dawa la don Aníbal, duka limefungwa, mwanga wa mchana unapenya kwenye mbao za dirisha. Katika kisanduku kinachofuata kuna mwanamke ameketi mbele ya ubao uliojaa matundu na waya, vipokea sauti masikioni, kola ya sare imenyooshwa vizuri. Uso hana. Pale panapotakiwa kuwa na macho, pua na mdomo, mchoraji ameacha karatasi nyeupe. Kutoka kwenye weupe ule kinatoka kiputo cha maneno: *Hapokei, mwanangu. Lakini hebu niambie, shuleni kukoje?*

"Jumapili, saa kumi alasiri, mwaka sabini na tisa," Zulma alisema akimrudishia kibuyu. "Zamu ya Jumapili hakuna aliyekuwa akiitaka ila wewe. Sasa niambie huyo asiye na sura ni bibi yangu?"

Nelda na Zulma walikuwa wamefanya kazi kituo cha simu cha mji, enzi ambazo simu ya kwenda Buenos Aires ilipita mikononi mwa opereta, na ukitaka kujua habari za mtu ulikuwa huna haja ya kumtembelea. Kusikiliza kulikatazwa. Kila mmoja alisikiliza. Ila Nelda alikuwa na sikio la aina yake. Wenzake walikuwa wakisema angeweza kusikia mtu anavyonyamaza.

"Niachie hiki kitabu," alisema.

"Cha maktaba hicho. Ukikimwagia mate, Wáshington atanikata kichwa."

Alikisoma mchana kutwa pale mezani, akisahau kula. Ilikuwa hadithi ya mtoto ambaye baba yake aligombana na mama, akavuka mto kwenda Buenos Aires kutafuta kazi, akaacha namba ya simu nyuma ya pakiti ya sigara. Kila Jumapili mtoto alimtoroka mama yake, akaenda kwa don Aníbal, akaiomba namba ile. Kila Jumapili opereta alimwambia kwamba hapokei, kisha akamuuliza maswali: amekula nini, amegombana na nani, hesabu zimempanda au zimemshinda. Pembeni mwa visanduku vya simu, mchoraji alikuwa ameandika kwa herufi ndogondogo: *tik. tik.* Chini yake akaeleza kwamba waya za miaka ile zilikuwa mbovu, zikigongagonga kama mtu anayedonoa kwa ukucha.

Nelda alikigusa kile *tik* kwa kidole. Alikijua vizuri.

Halafu akafika ukurasa wa themanini na nane. Jumapili ya mwisho. Mwanamke asiye na uso anasema, *Hakuna anayejibu. Kwaheri, mtoto,* basi. Hakuuliza shule, hakuuliza chakula. Mtoto ameshuka kwenye kreti, anaonekana mgongo tu, na maneno ya chini yanasema: *Hata opereta alinichoka. Sikupiga tena.* Wiki tatu baadaye ikaja habari kwamba baba amefia hospitalini.

Alikifunga kitabu. Akainuka, akaosha kibuyu ambacho kilikuwa safi, akakiosha tena.

"Nimchoke?" aliuliza jikoni palipokuwa hapana mtu. "Mimi, nimchoke yule mtoto?"

*

Jumamosi mvua ilikuwa imeacha, lakini kibaridi kilibaki. Ukumbi wa maktaba ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za rafu, kila mmoja na chupa yake ya maji ya moto kwapani. Wáshington, mkutubi, alikuwa amevaa tai. Alikuwa akihangaika na mashine ya kuonyesha picha ukutani, ambayo ilikuwa inaonyesha kila kitu kichwa chini.

Nelda alichagua kiti karibu na mlango. Zulma akamvuta hadi safu ya tatu.

"Umekuja kusikiliza au kukimbia?"

"Nimekuja kumwona tu. Nataka kujua amekuwaje."

Na hilo lilikuwa kweli, ingawa si lote. Kwa miaka arobaini alikuwa ameibeba sauti ya mtoto ambaye hajawahi kumwona uso. Alikuwa anajua kwamba anachukia maboga, kwamba anaogopa jogoo wa jirani, kwamba anapokaribia kulia hukohoa kwanza. Alijiuliza kama mtu mzima bado hubaki na mambo kama hayo.

Leonor Leites aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na koti kubwa kama la kuazima. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, nywele fupi zenye mvi mbele, na kidole cha shahada cheusi kwa wino. Alisimama mbele ya watu, akakohoa.

Nelda akatabasamu bila kutaka.

"Nina hofu kuliko nilivyokuwa Montevideo," Leonor alianza, "kwa sababu kule nikikosea mtaa hakuna anayejua. Hapa naona watu watatu ambao nimewachora, na mmoja amekunja uso."

Watu wakacheka, wakageukiana kumtafuta huyo mmoja.

Alizungumza bila karatasi. Alisema alianza kuchora maisha yake kwa sababu hakuweza kuyasimulia. Kila alipofungua mdomo, hadithi ilitoka imenyooka mno, na maisha yake hayakuwa yamenyooka. Kwenye kuchora, alisema, huwezi kudanganya kirahisi. Ukiandika "chumba kilikuwa na meza" umemaliza. Ukitaka kuichora lazima ujue ina miguu mingapi, na hapo ndipo unagundua kwamba hukumbuki. Alionyesha ukutani ukurasa wenye jiko la mama yake, ambalo alilichora mara kumi na moja.

"Na mama yako alisemaje?" mtu aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Alifungua ukurasa wa kwanza wenye sura yake, akaniuliza pua ile nimeitoa wapi. Akakifunga. Hajakifungua tena. Leo nimemwalika, amesema ana nguo za kupiga pasi."

Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwandishi wa hati za nyumba alisimama na fimbo yake. "Binti, ukurasa wa thelathini umeuweka mnara wa kanisa upande wa kushoto wa uwanja. Uko kulia. Umekuwa kulia tangu nizaliwe."

"Ni kweli, don. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiutazama kupitia kioo cha kinyozi."

Mzee alifikiri. "Hapo sawa," alisema, akakaa.

Mwanamke mwingine, amejifunga skafu shingoni, alitaka kujua kama haoni haya kuyaanika ya ndani hadharani. Leonor alikisugua kidole chake chenye wino.

"Naona," alisema. "Lakini nina kitu kinachoshinda haya. Nataka kujua. Nikichora jambo, kuna mtu hutokea akaniambia, 'haikuwa hivyo.' Nimejua mengi kuhusu nyumba yetu kwa njia hiyo kuliko kwa kuuliza."

Ndipo msichana mmoja wa sekondari akanyoosha mkono. "Unamchoraje mtu ambaye hukumwona?"

"Simchori. Namwachia nafasi." Leonor akabonyeza, na ukutani, mrefu kuliko mlango, akatokea mwanamke asiye na uso. Zulma alimtia Nelda kiwiko cha ubavu. "Huyu nimemtafuta. Niliandika kwa shirika la simu, wakanijibu kwamba orodha za wafanyakazi wa zamani hazipo. Najua sauti yake tu. Ningempata, ningemuuliza jambo moja: kwa nini aliniuliza maswali yote yale? Alikuwa kazini. Mtoto hajaunganishwa, unakata, unapokea simu nyingine. Yeye alikuwa akikaa nami dakika kumi, na dakika kumi na tano. Halafu siku moja, basi. Nimelifikiria jambo hilo zaidi ya nilivyomfikiria baba yangu, na siyo kwamba najivunia."

Nelda alijiambia atakwenda nyumbani ataandika barua. Barua ingekuwa ya heshima zaidi. Lakini Zulma alikuwa ameshanyoosha mkono, na kipaza sauti kilikuwa kikipita mikono kwa mikono kuja safu ya tatu.

"Swali si langu," Zulma alisema, akamtia Nelda kipaza sauti mkononi. "Ni la huyu."

"Zulma, wewe ni nyoka," Nelda alinong'ona, na kipaza sauti kikapeleka neno hilo ukumbi mzima.

Watu waliangua kicheko. Leonor hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali.

"Samahani," alisema. "Umesema nini?"

"Nimesema… hapana, nilikuwa namwambia mwenzangu."

"Endelea kuongea."

"Niongee nini?"

Leonor alishuka kutoka jukwaani. Alikuja polepole katikati ya viti, watu wakikunja miguu kumpisha, hadi akafika safu ya tatu, akasimama. Macho yake hayakuwa usoni kwa Nelda. Yalikuwa chini, kama mtu anayejaribu kusikia maji yanapopita.

"Tafadhali, sema: 'Subiri kidogo, nakuunganisha.'"

Nelda alikuwa amesema maneno hayo mara laki kadhaa maishani mwake. Sasa yalimshinda. Alilamba midomo, akajaribu.

"Subiri kidogo, mwanangu. Nakuunganisha."

Mashine ya picha ilisikika ikinguruma. Kisha Leonor akakohoa, mara moja, na Nelda akajua kinachofuata, akasimama akamshika mkono kabla hakijafuata.

*

Wáshington aliwapeleka chumba cha nyuma, kule yanakohifadhiwa magazeti ya zamani, akawaletea kahawa na sahani ya biskuti, kisha akasimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu. Zulma ndiye aliyemtoa kwa kola, naye akatoka pamoja naye, shingo yake ikibaki nyuma.

Leonor alikuwa na daftari la kuchorea mapajani, lakini hakulifungua.

"Nina swali lile lile," alisema. "Kwa nini?"

"Mbona ukaandika kwamba nilikuchoka?" Nelda alimjibu kwa swali, na hasira yake mwenyewe ikamshangaza. "Nimekuja kwa ajili ya ukurasa huo. Kurasa nyingine chora utakavyo, hata ukininyima uso. Lakini huo si kweli."

"Basi kweli ni ipi, doña Nelda?"

Nelda aliishika kahawa kwa mikono miwili, hakuinywa.

"Baba yako alikuwa anapokea."

Leonor alimtazama.

"Jumapili ya kwanza alipokea mama mwenye nyumba ya wapangaji, doña Pura, simu ilikuwa kwenye varanda yake. Nikamwambia kuna mtoto anamtaka bwana Leites. Akaniambia, 'Yupo, lakini haongei. Amekatwa koo.' Nikashtuka, nikidhani ni majambazi. Akasema, 'Siyo hivyo, mama, ni kansa. Madaktari wamemtoboa hapa shingoni na sauti imekwenda na maji.' Nikamsikia baba yako anaandika kitu kwenye karatasi, doña Pura akanisomea: Mwambie mtoto sipo. Asijue."

"Baba yangu?" Leonor alisema. "Alikuwa akinadi ng'ombe, sauti yake ikisikika hadi kituo cha treni."

"Nadhani ndiyo maana. Mtu mwingine angeweza kukubali. Yeye mdomo ndio uliokuwa ukimlisha." Nelda akavuta pumzi. "Basi nikakwambia hapokei. Nilikuwa karibu kukata, doña Pura akasema, 'Ngoja, anainyang'anya simu. Anataka kumsikia tu.' Nikamsikia anavuta pumzi, lakini si kwa pua wala mdomo, ile pumzi ilikuwa inapita mahali pengine, kama baiskeli inayotoka upepo. Waya wako mkononi, waya wake mkononi. Ningefanya nini? Nikaziunganisha, nikakuuliza shule."

Leonor alikuwa amefumba macho.

"Alikuwa kwenye simu."

"Jumapili zote. Isipokuwa moja."

"Na ile tik tik?"

"Kucha zake. Nilimpa maagizo kupitia doña Pura: akigonga mara moja, nijue amesikia, niendelee. Siku uliyosema umechaguliwa kubeba bendera ya shule—"

"Waya ziliharibika kabisa siku ile," Leonor alisema haraka. "Nimeichora. Zilikuwa zinagonga hivi kwamba nilikuwa sisikii unachosema."

"Hazikuharibika, mwanangu."

Leonor aliinuka. Alikwenda hadi dirishani, akasimama akiwatazama watu waliokuwa wakitawanyika barabarani na vitabu vyao. Alipogeuka, uso ulikuwa umemwiva.

"Mlinidanganya. Wewe, yeye, na huyo mwenye nyumba. Watu wazima watatu. Nilikuwa na miaka tisa, nikasimama juu ya kreti, na mimi ndiye pekee niliyekuwa sijui kwamba naongea na baba yangu."

"Ndiyo."

"Ningemwambia mambo mengine! Nilikuwa naongea habari za jogoo!"

"Alizipenda za jogoo," Nelda alisema. "Aligonga mara tatu."

Haikuwa faraja, naye alijua haikuwa. Lakini Leonor alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, akakaa tena.

"Na usinione mwema sana," Nelda aliendelea, kwa sababu aliona sasa hakuna faida ya kubakiza. "Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa na mtu asiyesema maneno kumi kwa siku. Jumapili yote nilikuwa naisubiri saa kumi. Nilikuwa naandaa maswali tangu Ijumaa. Ningeweza kukwambia, ningeweza kumtafuta mama yako sokoni nimnong'oneze. Nilikuwa nimemwahidi doña Pura, sawa, lakini ahadi ni nini mbele ya mtoto? Ukweli ni kwamba ningesema, ingeisha. Na mimi nilitaka kujua itaendaje."

Leonor alimtazama kwa muda mrefu, safari hii usoni, kila mahali usoni.

"Hilo naweza kulielewa," alisema hatimaye. "Ubaya ni kwamba naweza kulielewa vizuri mno." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na Jumapili ya mwisho?"

"Doña Pura alipokea, akasema wamemchukua Alhamisi, hali mbaya, hatarudi. Wewe ulikuwa upande wa pili unasubiri. Nikakwambia hakuna anayejibu. Kwa Jumapili zote zile, hiyo peke yake sikukudanganya: baba yako kweli hakuwepo. Na nilikuwa siwezi kukuuliza chochote, kwa sababu hapakuwa na wa kusikiliza, na sauti yangu ingenisaliti. Nikakata. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, msimamizi akanikuta huko." Akaweka kikombe chini. "Jumapili iliyofuata nilikaa nikitazama tundu la don Aníbal kwenye ubao, nikingoja taa iwake. Nilikuwa nimeamua kukuuliza shule. Taa haikuwaka."

Nje Zulma alikuwa akimweleza Wáshington jambo kwa sauti ya juu mno, sauti ya mtu anayetaka kuonekana hasikilizi.

Leonor alifungua daftari, akaandika vitu viwili vitatu, akasita. "Lakini alikuwa anaweza kuandika. Alimwandikia mwenye nyumba. Kwa nini hakuniandikia mimi?"

"Hilo nami nimejiuliza miaka arobaini. Sijui."

Leonor aligonga penseli kwenye daftari. Halafu akaitia mfukoni, akachukua lile koti lake kubwa.

"Mama anakaa mitaa minne kutoka hapa. Twende."

"Mimi? Mama yako hanijui!"

"Ndiyo maana. Mimi nikimweleza, atasema nimebuni kama pua."

*

Doña Delfina alifungua mlango akiwa ameshika pasi mkononi, waya unaning'inia. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na Nelda aliona mara moja kwamba pua ya kwenye kitabu ilikuwa sahihi kabisa.

"Umemaliza mapema," alimwambia binti yake. "Watu hawakuja?"

"Walikuja, mama. Huyu ni doña Nelda. Alikuwa opereta wa simu."

"Simu yangu haina shida."

"Mama, msikilize."

Nelda alisimulia pale pale kizingitini, kwa sababu hakualikwa kuingia. Alisimulia kwa ufupi kuliko mara ya kwanza, na ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa doña Delfina hakuonyesha dalili yoyote usoni. Alipofika kwenye koo, mwanamke yule aliibadilisha pasi mkono. Alipofika kwenye kugonga kwa kucha, aliiweka chini, juu ya jamvi la kufutia miguu.

Alipomaliza, mbwa wa jirani alikuja akawanusa wote watatu, akaenda zake.

"Na mimi?" doña Delfina aliuliza. "Aliniulizia?"

Nelda alitafuta jibu zuri. Lilikuwepo, tayari, karibu na ulimi; alikuwa mtu mwenye uzoefu. Akaliacha.

"Hakuwa na sauti ya kuulizia, doña. Mimi niliwahi kumuuliza mtoto, 'Mama hajambo?' Akasema, 'Hajambo, anashona.'"

"Akagonga?"

"Sikumbuki. Nisamehe. Mengine nayakumbuka, hilo silikumbuki."

Doña Delfina alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei asiyoipenda. Kisha akamgeukia binti yake.

"Barua zilikuja mbili. Mwezi wa Aprili na mwezi wa Juni. Niliujua mwandiko wake. Nilizirudisha posta bila kuzifungua."

"Mama!" Leonor alishika mlango. "Miaka yote hii! Nimechora kitabu kizima! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," doña Delfina alisema. "Ulichora tu."

Nelda alitazama viatu vyake. Alifikiri huu ndio wakati wa kuaga, mtu mwenye adabu angeaga, lakini miguu yake haikutaka. Alikuwa na maswali yasiyopungua sita, na la kwanza lilikuwa kama doña Pura angali hai.

"Bahasha za kurudishwa," alisema, akiwa hawezi kujizuia, "zilikuwa zinaandikwa anuani ya mpelekaji nyuma. Zitakuwa zilirudi kwa doña Pura, naye hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alikuwa na watoto wawili, Ofelia na mwingine wa kiume, walikuwa wakigombania simu. Mtaa ni Pichincha, namba… namba nitaikumbuka nikikaa."

Mama na binti walimtazama kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza wakafanana.

"Basi ingia ukae," doña Delfina alisema, akiokota pasi yake. "Mnaniingizia baridi. Leonor, weka maji jikoni. Na wewe, mama, anza tena tangu mwanzo, lakini taratibu, usiruke. Simu ya kwanza ilikuwa Jumapili gani?"